Riba ya Benki Kuu ni 5.75, mkopo wangu 17: nani anadanganya?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Makambako. Redioni nilisikia Benki Kuu imeshusha riba yake hadi asilimia 5.75. Mimi benki yangu inanikopesha kwa 17. Nilipomwambia ofisa mikopo habari hiyo alicheka tu. Kwani Benki Kuu haiwezi kuwaamuru? Na kama ni mali ya serikali, kwa nini isichapishe noti ikatukopesha sisi wenyewe kwa hiyo 5.75, kuliko kutuachia wakopeshaji wa mtaani, hawa wa kausha damu? Hiyo benki ipo kwa faida ya nani hasa?"

Jibu: Marahaba dada, na pole kwa kuchekwa. Hakuna anayedanganya. Ile 5.75 inahusu fedha ambazo benki zinakopeshana zenyewe kwa zenyewe, tena kwa siku chache, na wakopaji wake ni watu ambao vitabu vyao vinakaguliwa na Benki Kuu. Mkopo wako ni wa miezi mingi, umeshikiliwa na hati ya nyumba au mzigo ulio stoo, na mtu wa benki inabidi apande gari aje auone. Ni biashara mbili mbali mbali, na ofisa wako angeweza kukueleza hivyo kwa dakika mbili badala ya kucheka.

Lakini swali lako la mwisho ndilo zito. Siwezi kulijibu bila kurudi nyuma, kwa sababu Benki Kuu ya Tanzania imewahi kufanya karibu kila unachopendekeza. Imewahi kupanga nani akopeshwe. Imewahi kupanga bei ya dola. Imewahi kujaza pengo kila palipopungua. Waliokuwa watu wazima miaka ya themanini wanajua ilivyokuwa.

Tuanze na kazi yake ya kila siku, maana hapo ndipo wengi hupotea.

Kila benki inayofanya kazi nchini ina akaunti Benki Kuu. Tuseme mkandarasi wa Njombe amenunua kwako bati na nondo za shilingi milioni 60, akakulipa kwa TISS, mfumo ambao benki zetu zimekuwa zikiutumia kulipana tangu 2004. Wewe unaona ujumbe kwenye simu, unamfungulia lori mlango wa stoo. Hakuna gari la fedha lililotoka Njombe. Kilichofanyika ni kwamba kwenye vitabu vya Benki Kuu, akaunti ya benki ya mkandarasi imepungua milioni 60 na akaunti ya benki yako imeongezeka milioni 60. Mishahara, malipo ya mafuta, ada za vyuo, fedha za korosho za Mtwara, vyote vinapita humo kutwa nzima kwa mtindo huo huo.

Ikifika alasiri, benki moja inajikuta imepelea. Huenda wateja wake wakubwa wamelipa kodi. Kodi ikishaingia kwenye akaunti ya serikali iliyoko Benki Kuu, imetoka mikononi mwa benki zote za biashara mpaka serikali itakapoitumia, ndiyo maana mwisho wa robo mwaka ukwasi, yaani fedha ambazo benki zinazo mkononi, hubana hata kama biashara ni nzuri. Benki iliyopelea inampigia mwenzake mwenye ziada: nipe bilioni tano za siku saba. Mwenzake anauliza: kwa ngapi?

Hapo kwenye "kwa ngapi" ndipo Benki Kuu inapocheza. Tangu Januari 2024 inatangaza riba yake hadharani. Ilianza na asilimia 5.5, Aprili mwaka huo huo ikapanda 6, ikakaa hapo, na Julai 2025 ikashuka 5.75, hiyo uliyoisikia. Baada ya kutangaza, kazi inayobaki ni kuhakikisha mikopo ya siku saba kati ya benki haichepuki zaidi ya pointi mbili za asilimia juu au chini ya kiwango hicho. Bei ikianza kupaa, Benki Kuu inaongeza shilingi sokoni: inazipa benki fedha za siku chache na kushikilia dhamana zao za serikali, yaani hati za fedha walizoikopesha serikali. Bei ikiporomoka, inafanya kinyume, inazivuta shilingi zilizozidi kwa kuziuzia benki dhamana. Haimwamuru mtu. Inaongeza au kupunguza kile ambacho benki hizo zinakigombania, na bei inajipanga.

Kabla ya 2024 mambo yalikuwa kinyume kidogo: kwa takriban miongo mitatu Benki Kuu ililenga kiasi cha fedha, yaani noti zilizo mtaani pamoja na akiba za benki zilizoko kwake, na bei ikaachwa iyumbe. Ndiyo maana hukuwahi kusikia redioni habari ya riba yake. Haikuwa na uzito huo.

Umeona basi kwamba chombo chenyewe hakigusi duka lako moja kwa moja. Kinagusa benki, benki ndiyo ikuguse wewe, na njiani kuna mambo mengi. Nitayarudia. Kwanza lile la kuchapisha.

Kabla ya 1966 hapa kwetu hapakuwa na benki kuu. Palikuwa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1919, ikikaa London mpaka 1960 ilipohamishiwa Nairobi. Zanzibar ilijiunga 1936 ikaachana na rupia zake. Shilingi ya Bodi ilikuwa sawasawa na shilingi ya Kiingereza, ishirini kwa pauni moja, na utaratibu wake ulikuwa mkavu: ukileta pauni London, unapewa shilingi huku, ukitaka pauni zako, rudisha shilingi. Basi. Mkonge ukiuzwa vizuri, shilingi zinajaa Tanga. Bei ya mkonge ikianguka, shilingi zinaadimika, na hakuna mtu Dar es Salaam wala Nairobi mwenye uwezo wa kufanya lolote. Fedha ilikuwa imara kwelikweli. Ilikuwa imara kwa kumnyima kila mtu, na akiba iliyoishikilia ilikuwa imewekezwa Uingereza, haikujenga barabara ya Makambako.

Nchi iliyopata uhuru haikuweza kuvumilia hilo kwa muda mrefu. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilimwita Erwin Blumenthal, mtaalamu kutoka benki kuu ya Ujerumani Magharibi, atoe ushauri. Akili yake ilielekea kwenye benki kuu yenye ngazi mbili, ya kikanda juu na za nchi chini yake. Kisiasa haikuwezekana. Kila nchi ilikuwa na mpango wake wa maendeleo na ilitaka mkono wake kwenye fedha zake. Juni 1965 nchi tatu zikatangaza kwamba kila moja itakuwa na benki kuu yake na noti zake. Sheria yetu ilipitishwa Desemba mwaka huo, na tarehe 14 Juni 1966 Mwalimu Nyerere akaifungua Benki Kuu ya Tanzania, gavana wake wa kwanza akiwa Edwin Mtei. Siku hiyo hiyo zikatoka noti za shilingi 5, 10, 20 na 100. Uganda na Kenya nazo zilifungua za kwao mwaka huo huo.

Miezi minane haikupita vizuri. Likaja Azimio la Arusha, na tarehe 6 Februari 1967 benki za biashara zikataifishwa, zikazaa Benki ya Taifa ya Biashara, NBC. Tangu siku hiyo Benki Kuu ilikuwa na kazi ya kusimamia soko ambalo halipo. Riba zilipangwa mezani. Mikopo ikawekewa mpango wa mwaka: viwanda kiasi hiki, mazao kiasi hiki. Fedha za kigeni zikagawiwa kwa mgao. Mwaka 1978 sheria ikarekebishwa kuipa Benki Kuu nafasi kubwa zaidi ya kugharamia maendeleo, jambo ambalo kwenye karatasi linavutia sana. Ukilisoma leo unaweza kudhani limeandikwa na wewe, dada.

Sasa nikuonyeshe noti zilivyokuwa zikichapishwa kwa kweli, maana watu hudhani kuna siku waziri alipiga simu akasema "chapeni". Haikuwa hivyo. Vyama vya ushirika vilivunjwa 1976, na kazi ya kununua mazao ikakabidhiwa mamlaka za mazao. Mamlaka inakwenda NBC kukopa fedha za kuwalipa wakulima. Inanunua, sehemu inaoza maghalani, sehemu inauzwa kwa bei isiyorudisha hata gharama za magunia na malori, kwa sababu bei nayo imepangwa. Msimu ukiisha deni liko pale pale. NBC haiwezi kuifilisi mamlaka, wote ni wa serikali moja. Haiwezi pia kuikatalia msimu unaofuata, wakulima watalala njaa. Kwa hiyo inaandika deni jipya juu ya la zamani, na ikikaukiwa inageukia Benki Kuu. Serikali yenyewe nayo, bajeti ikipelea, ina akaunti pale pale na inaichota kupita salio. Kila mmoja katika mnyororo huo alikuwa na sababu ya maana. Aliyepaswa kusema hapana alikuwa mmoja tu, na sheria haikumpa ubavu.

Juu ya hayo likaja zito juu ya zito: mafuta kupanda bei 1973 na tena 1979, Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977, vita vya Kagera kuanzia Oktoba 1978. Mtei, aliyekuwa sasa Waziri wa Fedha, alijiuzulu 1979 kwa kutokubaliana na Mwalimu juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Sitaki kumfanya mmoja mwema na mwingine mbaya. Masharti yale yaliumiza kweli yalipokuja kutekelezwa. Lakini kwa upande wa hesabu za fedha, nadhani Mtei alikuwa ameona ukuta ambao wenzake walitaka kuamini ni pazia.

Kwa sehemu kubwa ya miaka ya themanini bei zilipanda kwa karibu asilimia 30 kila mwaka. Maana yake ni kwamba mshahara usiposogea, ndani ya miaka mitatu umebaki chini ya nusu. Sabuni, sukari, unga vikawa vya foleni na kadi. Mwaka 1983 ikaja operesheni ya wahujumu uchumi, watu wakatupa bidhaa mitoni na kuzifukia mashambani wasikutwe nazo. Dola ilikuwa na bei mbili, ya benki ambayo huipati na ya magendo ambayo ni mara kadhaa ya hiyo. Juni 1986, chini ya Mzee Mwinyi, shilingi ilishushwa kwa mkupuo kutoka karibu 17 hadi 40 kwa dola, na haikuwa mwisho wa kushuka.

Matengenezo yalichukua muda mrefu kuliko wengi wanavyokumbuka. Tume ya Nyirabu, iliyopewa jina la gavana wa pili, ilichunguza mfumo mzima wa benki kuanzia 1988. Mwaka 1991 sheria ikaruhusu benki binafsi. Mwaka 1992 yakafunguliwa maduka ya kubadilishia fedha, na yule aliyekuwa akishikwa kwa kuwa na dola mfukoni akaanza kuzinunua dirishani. Mwaka 1993 serikali ikaanza kukopa kwa mnada wa dhamana badala ya kuchota. Hata hivyo bei ziliendelea kupanda kwa kasi ile ile hadi katikati ya miaka ya tisini, kwa sababu ya jambo moja: serikali bado iliweza kuchota. Sheria ya Benki Kuu ya 1995 ndiyo iliyoipa benki hiyo lengo kuu moja, utulivu wa bei, na mwaka 1996 serikali ya Mkapa ikaanza kutumia kile tu kilichokusanywa mwezi hadi mwezi. Wizara zililia. Walimu walicheleweshewa stahili, hospitali zikakosa vifaa. Gharama ilikuwa ya kweli na haikulipwa na matajiri. Lakini kufikia 1999 mfumuko wa bei ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 10, na tangu hapo umerudi juu ya kiwango hicho kwa vipindi tu, kama mwishoni mwa 2011 ulipokaribia 20. Miaka hii ya karibuni umekaa karibu na asilimia 3.

Sheria ya 2006 ikakaza fundo. Utulivu wa bei ukabaki lengo la kwanza. Serikali ikawekewa ukomo wa kuchota kwa muda, ambao sheria ilipopitishwa ulikuwa sehemu moja ya nane ya mapato ya ndani ya mwaka uliotangulia. Gavana anateuliwa na Rais kwa miaka mitano na anaweza kuongezewa kipindi kimoja. Mtaji wote ni wa serikali, na faida ikipatikana, baada ya kutenga akiba, inakwenda Hazina. Kwa hiyo ndiyo, ni mali ya serikali. Ni mali ambayo mwenyewe amejifunga kamba mkononi asiichezee. Kamba hiyo imetungwa na Bunge na Bunge hilo hilo linaweza kuilegeza, kwa hiyo ukisikia muswada unaogusa sheria ya Benki Kuu, usiupite kama habari za wakubwa.

Kamba hiyo pia haizuii kila kitu. Utakumbuka sakata la EPA: ukaguzi ulikuta kwamba katika mwaka 2005/06 zaidi ya shilingi bilioni 130 zililipwa isivyo halali kwa makampuni 22 kutoka akaunti ya madeni ya nje iliyokuwa Benki Kuu, na Januari 2008 Rais Kikwete akatengua uteuzi wa Gavana Daudi Ballali, akamweka Benno Ndulu. Ule haukuwa uchapishaji wa noti, ulikuwa uwizi ndani ya nyumba, na dawa yake ni wakaguzi na mahakama. Nautaja kwa sababu nikisema "taasisi imara" bila kuutaja utanicheka kama ofisa wako alivyokucheka.

Rudi sasa kwenye wazo lako. Benki Kuu ichapishe, ikukopeshe kwa 5.75. Tuseme imekupa milioni 20 wewe, na wafanyabiashara wengine, watu laki tano, kila mmoja milioni 20. Ni trilioni 10. Jumatatu wote mnakwenda kununua saruji. Kiwanda cha Mbeya hakijaongeza hata tanuri moja. Lori la kubeba ni lile lile, dizeli inayokuja kwa dola ni ile ile. Aliyewahi anapata saruji kwa bei ya jana, wa mwisho anakuta mfuko umepanda, na ambaye hakupata mkopo kabisa, mama wa genge, mstaafu, mwalimu wa shule ya kata, analipa bei mpya kwa kipato cha zamani. Hao ndio wangelipia unafuu wako.

Kuna nchi jirani iliyoufuata mwendo huo hadi mwisho. Yule Blumenthal aliyeshauri Dar es Salaam 1963 alipelekwa Kinshasa 1978 kushika fedha za benki kuu ya Zaire, Kongo ya leo, zisiendelee kuvuja. Aliondoka mwaka uliofuata, na ripoti aliyoiandika 1982 ilieleza bila kupepesa kwamba wakubwa wanachota na waliokopesha wasitarajie kulipwa. Miaka kumi baadaye serikali ya Mobutu ilikuwa inalipa askari kwa noti mpya ya zaire milioni tano. Waziri Mkuu Étienne Tshisekedi akatangaza kwamba noti hiyo si halali, wenye maduka wakaikataa, na Januari 1993 askari waliolipwa karatasi isiyonunua kitu wakaingia mitaani Kinshasa kupora na kuua. Kasai watu walikataa pia noti za fedha mpya iliyotolewa baadaye mwaka huo, wakaendelea kununua na kuuziana kwa zile kuukuu. Kufikia 1994 bei zilikuwa zikipanda kwa maelfu ya asilimia kwa mwaka. Ndugu zetu wa Bukavu na Goma mpaka leo wanahesabu vitu vikubwa kwa dola, na sioni wa kuwalaumu.

Sasa hiyo 17 yako imetoka wapi?

Benki inakukopesha amana za watu. Wenye amana kubwa, mifuko ya hifadhi, makampuni, hawaziachi bure. Wanapigania riba, na benki ndogo hulipa zaidi ili zisihame. Sehemu ya kila amana inazuiwa Benki Kuu kama akiba ya lazima. Juu yake weka tawi, walinzi, mitambo, na wale wasiolipa. Hili la mwisho tulilionja: miaka michache kuanzia 2016 mikopo chechefu ilipita asilimia 10 ya mikopo yote, na Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano kwa siku moja, zikiwemo za wananchi za Njombe na Meru na ile ya wakulima wa Kagera. Hapo Njombe, jirani zako, utakuwa unawajua waliokuwa na akiba kule. Bima ya amana wakati ule ilifika shilingi milioni 1.5 tu kwa mtu. Sasa ni 7.5.

Halafu yupo mkopaji mwingine anayesimama foleni moja na wewe, naye ni serikali. Mwaka 2021 ilianza kuuza hatifungani, yaani dhamana zake za muda mrefu, za miaka 25 zenye riba ya asilimia 15.95. Jiweke kwenye kiti cha meneja. Huyu analipa karibu 16, hakimbii, huhitaji kumtembelea stoo, na Benki Kuu itakupa fedha ukimweka rehani. Wewe wa Makambako utalipa ngapi ili akuchague wewe? Viwango vya hatifungani vimepanda na kushuka tangu hapo, ila kanuni ni ile ile: serikali ikikopa kwa bei kubwa nyumbani, mfanyabiashara mdogo hawezi kukopa kwa bei ndogo. Kwa maoni yangu hili lina uzito kuliko riba ya Benki Kuu, na watu wanaoulizia riba bungeni wangeulizia bajeti kwanza.

Amri nayo imejaribiwa, tena karibu. Kenya ilipitisha sheria Septemba 2016: benki zisitoze zaidi ya pointi nne juu ya riba ya benki kuu yao. Ilishangiliwa. Benki hazikuandamana, zilinyamaza tu na kuacha kuwakopesha watu wa aina yako, zikanunua dhamana za serikali. Wenye mishahara na makampuni makubwa walipata mkopo wa bei nafuu. Mwenye duka aliambiwa hakidhi vigezo, akaishia kwenye mikopo ya simu yenye riba za kutisha. Novemba 2019 sheria ikaondolewa.

Kushuka kutoka 6 hadi 5.75 kunakufikia, ila kwa kuchelewa na kwa kupungua. Kwanza riba za siku saba zinashuka, baada ya hapo za dhamana fupi, kisha benki inaanza kubishana na wenye amana, na miezi mingi baadaye wateja wakubwa wanapata punguzo. Wewe huwa wa mwisho. Lakini usisubiri Benki Kuu, kwa sababu kuna fedha nyingi zaidi ya robo pointi ndani ya mkataba wako mwenyewe.

Uliza kama 17 hiyo ni ya salio linalopungua au ni ya mkupuo. Chukua mkopo wa milioni 12 wa miezi 12 kwa asilimia 15 uone tofauti. Kwa mkupuo, riba inapigwa kwenye milioni 12 yote mwaka mzima hata kama umeshalipa nusu: milioni 1.8. Kwa salio linalopungua, ukirudisha milioni moja ya deni kila mwezi, mwezi wa kwanza unalipa riba ya milioni 12, wa pili ya 11, mpaka mwisho ya moja; jumla inatoka shilingi 975,000. Asilimia ni ile ile 15 kwenye karatasi zote mbili. Ule wa kwanza, ukiupima kwa kipimo cha wa pili, ni karibu asilimia 27. Wakopeshaji wa mtaani wanaopenda kusema "ni asilimia kumi tu" hupima kwa mkupuo, tena kwa mwezi.

Uliza pia ada ya kushughulikia mkopo, bima, na faini ya kulipa mapema. Omba jedwali la marejesho kabla ya kusaini, lenye kila mwezi na mgawanyo wa riba na deni. Una haki ya kuelezwa gharama zote. Kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za 2019 zinasema hivyo, na msimamizi wake ni Benki Kuu hii hii unayoiulizia. Wakikuzungusha, andika malalamiko kwa benki yenyewe kwanza, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wasipokujibu au majibu yakikosa maana, nakala hiyo ndiyo utakayoiambatanisha kwenye barua yako kwa Benki Kuu. Kanda ya Nyanda za Juu Kusini ina tawi lake Mbeya. Kwa yule wa kausha damu, kabla ya kumpa kadi yako ya benki aishike, mwombe akuonyeshe leseni.